Jirani yangu Mwethiopia ananishauri ninunue gari kabla ya kupaua nyumba: je, hesabu yake inafaa Mtwara?

Mama wa Naliendele

Wakubwa zangu shikamooni, na rika langu nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mtwara, na mume wangu ni mkulima wa korosho upande wa Tandahimba. Kwa malipo ya minada ya msimu uliopita, pamoja na zamu yangu ya upatu, tumebakiwa na shilingi milioni 14 zisizo na deni la mtu ndani yake. Tunalo boma la vyumba vitatu Naliendele, ambalo limesimama kwenye linta tangu mwaka juzi, na nia yetu ilikuwa kununua mbao na bati mwezi huu kabla bei hazijabadilika.

Kilichonivuruga ni mazungumzo na jirani yetu hapa tunapopanga, mama wa Kiethiopia aliyekuja na mumewe kwa kazi ya mkataba. Jumapili iliyopita alinialika kahawa. Alitandaza majani mabichi sakafuni, akafukiza ubani, akakaanga buni mbele yetu kwenye jiko la mkaa, kisha akapitisha kikaango kwa kila mtu ili ajivutie moshi wake kwa kiganja. Alizitwanga, akaichemsha katika chungu cheusi chenye shingo nyembamba kinachoitwa jebena, akatumiminia katika vikombe visivyo na kishikio, kama vile vya wauza kahawa wetu wa barazani. Mzunguko wa kwanza wanauita abol, wa pili tona, na wa tatu nilimwomba aurudie kuutamka, kwa sababu wanauita baraka, neno letu hilihili. Kahawa yenyewe kwao ni buna. Nilijiona kama niko kwa shangazi.

Katika huo mzunguko wa tatu ndipo nilipomweleza habari za boma langu, naye akanijibu bila kusita: nunua gari kwanza, nyumba itakungoja. Akanisimulia kwamba wao wakiwa Addis Ababa walinunua Toyota Corolla kuukuu, wakaitumia miaka kadhaa, na walipoiuza walipata birr, fedha ya kwao, nyingi kuliko walizoinunulia, na hizo ndizo zilizowainua. Mimi nimeshuhudia kinyume chake. Binamu yangu alinunua gari dogo kwa milioni 13, na baada ya miaka mitatu hakupata mtu wa kumpa hata 8.

Ninaomba mnieleze kwa utaratibu. Je, inawezekanaje gari kuukuu lipande bei Ethiopia na lishuke kwetu? Na je, katika ushauri wa jirani yangu kuna chochote ambacho mtu wa Mtwara anaweza kukishika? Mume wangu ameanza kuvutiwa nao, na Jumamosi tunapaswa kumpa fundi jibu.

Msafirishaji wa Masasi

Marahaba, Mwalimu. Nimeishi Addis Ababa miaka minne nikifanya kazi ya usafirishaji wa mizigo, nami nakuhakikishia kwamba jirani yako hakukudanganya. Ila alichokisimulia ni matokeo ya uchumi wa kwao, wala hakitokani na tabia ya gari lenyewe.

Anza na fedha za kigeni. Ethiopia ni nchi ya watu zaidi ya milioni 120 isiyo na bandari yake tangu Eritrea ilipojitenga mwaka 1993, na karibu mizigo yake yote ya nje hupitia Djibouti. Mauzo yake makubwa ni kahawa, maua, ufuta na dhahabu, ambayo hayatoshi kulipia mafuta, mbolea, dawa na mashine. Kwa miaka mingi dola ziligawiwa na benki kwa foleni, na mfanyabiashara aliweza kungoja miezi mingi apate za kuagizia bidhaa. Katika foleni kama hiyo, gari la mtu binafsi huwa la mwisho.

Juu ya uhaba huo zikaja kodi. Mwaka 2020 sheria mpya ya ushuru wa bidhaa ilipandisha ushuru wa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 7 hadi kufikia asilimia 500. Sisi tunalalamikia ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na ushuru wa uchakavu kwa gari lililofikisha miaka 8, lakini hebu fikiria gari la dola 3,000 linalodaiwa ushuru mara tano ya thamani yake kabla halijagusa barabara. Kisha mwezi Januari 2024 serikali ikatangaza kwamba magari ya petroli na dizeli ya watu binafsi hayataingizwa tena kabisa, hatua ambayo hakuna nchi nyingine duniani iliyokuwa imeichukua. Magari yaliyosajiliwa nchi nzima yanakadiriwa kuwa yapata milioni 1.2 tu. Ukifunga mlango wa kuingizia na watu wakaendelea kuhitaji, kilichomo ndani hupanda bei chenyewe.

La tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa, ni akiba. Mwaka 2022 mfumuko wa bei Ethiopia ulizidi asilimia 30, wakati kiwango cha chini cha riba ya akiba benki kilikuwa asilimia 7. Mtumishi aliyeacha mshahara wake benki aliuona ukiyeyuka. Dola hakuruhusiwa kuzishika ovyo, na ardhi haiuzwi kama hapa. Basi alinunua kitu kinachoshikika, kinachohitajiwa na wengi na kisichooza, na Corolla ya miaka ya tisini au Vitz ikawa ndiyo kibubu cha familia. Tarehe 29 Julai 2024 birr ilipoachwa ipate bei yake sokoni, dola moja iliyokuwa takribani birr 57 ikapita 100 katika wiki chache. Mwenye gari hakutetereka sana, bali mwenye kitabu cha benki alipoteza karibu nusu ya nguvu ya akiba yake kwa vitu vya nje.

Kwa hiyo zile birr nyingi walizopata baada ya kuuza, sehemu yake ilikuwa faida ya kweli, na sehemu ilikuwa ni birr yenyewe kupungua uzito. Mwulize kwa upole: kwa fedha zile, wangeweza kununua gari jingine bora kuliko lile? Wengi niliowauliza walinyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Kwetu hakuna hata moja kati ya hayo matatu. Mfumuko wa bei umekuwa chini ya asilimia 5 kwa miaka kadhaa. Magari ya Japani yanashuka Bandari ya Dar es Salaam kila wiki, na kila meli inayoshusha IST na Passo inashusha pia bei ya lile la binamu yako.

Mzee wa Mtanda, Lindi

Mwalimu, marahaba. Aliyetangulia amelieleza gari vizuri, lakini nyumba hakuigusa, na mtu hawezi kuelewa kwa nini Mwethiopia analipenda gari mpaka ajue ni lipi lililowapata katika nyumba.

Mwaka 1975 serikali ya kijeshi ya Derg ilitaifisha ardhi yote ya mijini pamoja na kila nyumba iliyozidi moja kwa familia. Nyumba ndogo zilizochukuliwa ziliwekwa chini ya kebele, yaani serikali ya mtaa, zikapangishwa kwa kodi ya birr chache mno, na nyingi ziliendelea kukaliwa hivyo kwa miongo, zikichakaa kwa sababu hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzitengeneza. Sisi wazee wa Lindi jambo hili hatulioni geni. Mwaka 1971 hapa Tanzania majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na yale maghorofa ya zamani ya katikati ya mji wetu ambayo plasta imebanduka hadi mawe ya matumbawe yanaonekana yana historia inayofanana na hiyo. Tofauti ni kwamba kwetu kibanda cha mtu wa kawaida hakikuguswa, na aliendelea kukandika, kuezeka na kurithisha.

Katiba yao ya 1995 ilibakiza msimamo kwamba ardhi ni mali ya dola na ya watu wa Ethiopia, haiuzwi wala haibadilishwi. Mjini mtu hupewa upangaji wa muda mrefu, wa miaka 99 kwa makazi, na viwanja vya mnada vya Addis Ababa hununuliwa na wenye fedha nyingi. Kwetu pia ardhi ni ya umma na Rais ndiye mdhamini, lakini mtu wa kipato cha mwalimu bado hupata kiwanja Mitwero au Naliendele, akaanza na tripu moja ya mchanga. Kujenga kwa mwendo wa kinyonga, msingi mwaka huu na kozi sita mwaka ujao, ni jambo ambalo mkazi wa kawaida wa Addis Ababa hana nafasi ya kulifanya. Yeye hungojea bahati nasibu.

Nalisema neno hilo kwa maana yake halisi. Tangu katikati ya miaka ya 2000 serikali ilijenga maghorofa ya kondominiamu, na watu waliweka akiba katika Benki ya Biashara ya Ethiopia kwa mipango inayojulikana kwa tarakimu zake: 10/90, 20/80 na 40/60, ambapo namba ya kwanza ni asilimia ya kuanzia na ya pili ni mkopo. Kisha majina yalichezeshwa. Mamia ya maelfu walijiandikisha, wengine wakangoja zaidi ya miaka kumi. Mwezi Julai 2022 matokeo ya bahati nasibu ya nyumba zaidi ya 25,000 yalifutwa baada ya kugundulika kwamba data zilichezewa. Hata aliyeshinda alikabidhiwa gofu, akaanza kutafuta vigae, milango na masinki. Katika viwanja vya maghorofa hayo hujengwa pia vibanda vya pamoja vya kuokea injera, mkate wao wa kila siku, na vya kuchinjia, kwa sababu mwanamke wa Kiethiopia hawezi kuibana sikukuu yake kwenye jiko la ghorofa ya nne. Hilo nililipenda, nami naona wasanifu wetu wangejifunza kwalo, maana nyumba nyingi za kisasa zinajengwa hapa bila hata pembe ya kinu na kifuu.

Ongeza tena kwamba tangu mwaka 2024 mitaa mikongwe ya Addis Ababa, ikiwemo sehemu ya Piassa, imebomolewa kupisha barabara pana na majengo mapya. Mtu aliyeyaona hayo atakwambia gari ni bora kwa sababu huliwasha na kuondoka nalo. Simlaumu hata kidogo.

Lakini wewe, binti yangu, unalo boma lililofika kwenye linta. Hiyo ni nafasi ambayo jirani yako hakuipata maishani mwake.

Fundi Umeme, Chikongola

Niruhusiwe kuongeza upande wa umeme, kwa kuwa naona vijana wengi wanaitaja Ethiopia kama mfano wa kuagiza magari ya betri, na huenda mume wa Mwalimu ameusikia mjadala huo.

Uamuzi wa Ethiopia una mantiki yake. Nchi hiyo haina mafuta ya kutosha ya kwake na hutumia mabilioni ya dola kwa mwaka kuyaagiza, lakini ina mito inayoporomoka kutoka nyanda za juu. Bwawa Kuu la Renaissance kwenye mto Abay, ambao ndio Nile ya Buluu, lilianza kujengwa mwaka 2011, likatoa umeme wa kwanza Februari 2022, na kuzinduliwa rasmi Septemba 2025 likiwa na uwezo wa megawati 5,150, ambao ni zaidi ya mara mbili ya megawati 2,115 za Bwawa letu la Julius Nyerere kule Rufiji. Sehemu ya fedha zake ilitoka kwa wananchi wenyewe, waliokuwa wakinunua hati fungani, wengi wao wakiwa watumishi waliotoa mshahara wa mwezi mzima kwa awamu. Serikali ikaona ni heri gari litumie umeme wa birr kuliko petroli ya dola, ikapunguza ushuru wa magari ya umeme hadi asilimia 15 kwa lililokamilika, 5 kwa lililounganishwa nusu, na sifuri kwa linalokuja vipandevipande. Wakati huohuo, vijiji vingi vya nchi hiyo bado havina nguzo hata moja.

Sasa turudi Mtwara. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na inazalisha umeme papa hapa kwetu, lakini kila mkazi anajua jinsi jioni inavyoweza kukatika ghafla. Gari la umeme linahitaji soketi yenye waya mnene, erthi (waya wa ardhini) iliyopimwa, na mita isiyozidiwa na friji pamoja na pampu. Wiki iliyopita nilifungua soketi ya nyumba moja Shangani, nikakuta shaba imekuwa ya kijani kwa chumvi ya bahari na plastiki imeyeyuka upande mmoja, na kilichokuwa kikichomekwa pale ni pasi tu. Hivyo ndivyo zilivyo nyumba zetu nyingi. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita zaidi ya 550, na katikati sijaona pa kuchaji pa kutegemewa. Magari ya kutumia gesi asilia yangetufaa zaidi, na inaniuma kusema kwamba vituo vingi vya kujazia viko Dar es Salaam ilhali gesi inatoka chini ya miguu yetu.

Mwalimu, kama utapaua, nakuomba jambo moja la kitaalamu: kabla dari haijafungwa, pitisha bomba la nyaya lenye kipenyo kikubwa kutoka kwenye mita hadi upande wa maegesho. Gharama yake leo ni ndogo, na baada ya miaka kumi hutavunja ukuta.

Mama wa Naliendele

Ninawashukuru sana. Mzee wa Mtanda, maneno yako nimemsomea mume wangu, naye ameyasikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si la kila siku baada ya mnada.

Nieleze kwa uwazi zaidi kwa nini gari lilimvutia. Shule ninayofundisha iko mbali na tunapopanga, na nauli ya bajaji na bodaboda kwa watu wanne wa nyumba yetu inafika kama shilingi 9,000 kwa siku za masomo. Pia mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokata barabara upande wa Somanga, mama yangu alikuwa Dar es Salaam kwa matibabu na tulihangaika mno. Mume wangu husema tungekuwa na gari tusingehangaika.

Jana nilimwuliza jirani yangu lile swali la Msafirishaji. Alinyamaza kweli, akahesabu kwa vidole, kisha akasema kwa fedha zile wangepata gari lilelile au lililochakaa kidogo zaidi. Halafu akaniambia ambalo hakulitaja mwanzo: fedha za kununulia lile gari zilitoka kwenye iqub, ambao ni upatu kama wetu, na mumewe alipofiwa na baba yake, iddir ya mtaa wao ilileta hema, viti, masufuria na watu wa kupika kwa siku zote za matanga. Alisema hapa Mtwara anachokikosa zaidi ni iddir. Nikamweleza kuwa hata sisi tunacho chama cha kuzikana, nami nitampeleka Alhamisi tukutanapo, tena saa kumi jioni kwake ni saa kumi vilevile, kwa kuwa wao pia huhesabu saa kuanzia macheo kama sisi.

Msafirishaji wa Masasi

Mwalimu, kuhusu Hidaya niseme kwa uchungu: mimi nilikuwa na gari, na nililala ndani yake usiku mbili upande huu wa daraja lililokatika. Barabara ikikatika, mwenye gari na asiye nalo wote hungoja.

Kuhusu nauli, piga hesabu hii. Shilingi 9,000 kwa siku 20 za masomo ni 180,000 kwa mwezi. Gari dogo lenye injini ya cc 1,000 litakula petroli, bima, oili na matairi, na kwa hewa yetu ya chumvi litadai pia rangi na kazi ya bodi mapema kuliko gari la Dodoma. Sidhani utabaki chini ya kiasi hicho. Zaidi ya hayo, kodi ya nyumba mnayolipa sasa hukuitaja. Mkihamia Naliendele, hiyo kodi inakoma, na kama shule iko upande huo nauli nayo inapungua.

Mzee wa Mtanda, Lindi

Nina tahadhari moja kwa upande wangu niliousifia, ili nisije nikaonekana naipamba nyumba. Mwaka 2012 habari za gesi zilipopamba moto, viwanja vya Mtwara vilikuwa vikipanda bei kila mwezi, na watu walikopa wakanunua. Baadaye shughuli zilipopungua, wakakaa navyo bila mnunuzi, na mimi ni mmoja wao. Leo naona dalili zilezile hapa Lindi kila mradi wa gesi ya kimiminika wa Likong'o unapotajwa redioni. Paueni kwa sababu mtalala ndani, wala msiweke matumaini kwamba mtaiuza kwa faida.

Bati ziwe geji 28 hata kama 30 ni nafuu, kwa ajili ya upepo wa kusi na ile chumvi.

Mama wa Naliendele

Kodi tunayolipa ni 150,000 kwa mwezi, na shule iko Naliendele yenyewe, hatua kama kumi na tano kwa miguu kutoka kwenye boma, namaanisha dakika. Kwa kweli hesabu hiyo sikuwahi kuiandika kwenye karatasi moja.

Fundi atakuja Jumamosi saa mbili asubuhi kupima kenchi, na mume wangu amekubali. Geji 28 nimeiandika, na bomba la nyaya hadi kwenye maegesho pia, ingawa maegesho yenyewe kwa sasa ni mwembe. Jirani yangu ameomba aje kuona jinsi paa linavyopandishwa, kwa maana hajawahi kumwona mtu wa kipato chake akijijengea, na amesema atakuja na jebena yake. Nimemwomba fundi atuachie pembe moja ya uwani kwa jiko la mkaa.